Swali Ambalo Mtoto Hamuulizi Mkubwa

Nimewahi kuugua kidole tumbo, pumu, kifafa na mawe ya figo, yote katika chumba kimoja cha chuo cha udaktari, na jioni nikarudi kibandani kwangu Kanyenye, hapa Tabora, kuziba pancha. Mimi ni fundi baiskeli. Magonjwa ni kazi ya msimu.

Ilianza kwa mwalimu mmoja wa chuo aliyeleta baiskeli yake ninyooshe rimu. Nilikuwa namsimulia habari za mteja aliyekuja akilia kwamba baiskeli yake inaumwa mgongo, na katika kusimulia nikamwigiza yule mteja, mkono kiunoni, sauti ya mtu anayeaga dunia. Mwalimu alicheka mpaka akakalia tairi. Kisha akanitazama kama mtu anayepima shati dukani.

"Fundi, unaweza kulala kitandani ukalalamika hivyo mbele ya wanafunzi wangu?"

"Nilalamikie nini?"

"Tumbo."

"Na wao watanipasua?"

"Watakuuliza tu. Na kukupapasa kidogo."

Nikakubali kwa sababu nilitaka kuona. Sijui kama mtu mwenye elimu yake anaelewa hamu hiyo. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo kila mlango wa shule nikiupita nautazama kama mtu anayepita jikoni kwa jirani wakati wa kuunga mchuzi.

Walitaka watu wa mtaani, si wanafunzi wenzao, kwa sababu mwanafunzi akiigiza ugonjwa hutaja mambo kwa majina ya kitabuni. Sisi tunasema tumbo linanyonga. Kila chumba kina mgonjwa wake wa kuigiza, na pembeni ameketi mwalimu na karatasi ya mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kuyafanya. Akilifanya jambo, linawekewa alama ya vema. Kengele ikilia, mwanafunzi anatoka na mwingine anaingia, nami naanza tena kuumwa kama ndiyo kwanza. Sharti letu ni moja: kile tulichoambiwa tukifiche hatukitoi mpaka tuulizwe.

Nilijifunza mikono yao. Kuna wenye mikono baridi wanaoisugua kwanza, na kuna wanaokubandika barafu tumboni huku wakisema "pole." Kuna wanaouliza swali na kutazama saa badala ya jibu. Nilikuwa nikienda nyumbani nikijiuliza: huyu na yule wote wamepata vema zilezile, mbona mmoja ningemfuata hata porini na mwingine nisingempa hata mbuzi wangu amshike kamba?

Swali hilo lilikuwa la udadisi tu, mpaka lilipoingia nyumbani kwangu.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana. Mimi ndiye mkubwa. Baada yangu kuna mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa analima tumbaku Urambo, na wa mwisho ni msichana. Niliwalea katika nyumba yetu ileile, nikiwa nimejifunza ufundi kwa mzee mmoja sokoni. Chakula kilipatikana hivi na hivi. Nilichokishikilia kwa nguvu zote kilikuwa adabu. Mtoto mwenye wazazi akikosea, watu husema ni utoto. Yatima akikosea, husema hana wa kumfunza. Kwa hiyo nikawafunza: mkubwa akiingia, piga magoti, amkia, macho chini. Mkubwa haulizwi ametoka wapi wala amefanya nini. Akitaka, atasema mwenyewe.

Yule msichana ndiye aliyeingia chuo cha udaktari. Siku alipopokelewa nilikwenda kwa mwalimu wangu wa rimu nikamwambia huyu ni mdogo wangu wa damu, msije mkamleta kwenye chumba changu. Hawakumleta.

Walimpeleka chumba cha pili, kwa bibi.

Huyo bibi ni mgonjwa wa kuigiza kama mimi, ila ana kipaji kunizidi. Wazazi wake walikuja naye Ulyankulu kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, amelima huko miaka yake yote, na sasa anakaa mjini kwa bintiye. Ugonjwa wake wa siku ile ulikuwa presha. Alichoambiwa akifiche ni kwamba vidonge vya presha aliviacha zamani alipojisikia nafuu, na sasa anavimeza siku kichwa kikiuma tu.

Mtihani ulipokwisha tulikusanyika kwenye chai, na bibi akaanza kutangaza. "Mmemwona yule binti mwembamba? Ameingia, amepiga magoti, amenishika mkono kwa mikono miwili. Ameniuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Macho hakuinua. Huyo ndiye daktari wangu! Nikifa, anifumbe yeye macho."

Nilijua ni nani. Nilikunywa chai ile nikiwa nimevimba kama tyubu.

Baada ya siku chache mdogo wangu akaja kibandani. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye kopo la spoku.

"Kaka, nimefeli chumba cha bibi."

"Haiwezekani. Bibi mwenyewe amekusifu."

"Sikumuuliza kama anameza dawa. Swali hilo ukilikosa, umekosa mtihani mzima."

"Mbona hukuuliza?"

Alichezea spoku moja mpaka nikataka kumnyang'anya. "Nilitaka. Lilifika mdomoni. Kaka, mtu mzima kama yule, nimuulize kama ametii alivyoambiwa? Ni kama kumwambia mwongo."

Nilijua sauti ile ni ya nani.

Chuo kilimpa mlango mmoja. Angewekwa wodini msimu wote wa mvua, akitazamwa na walimu mbalimbali katika kazi ya kweli. Wakiridhika, anaendelea. Wasiporidhika, anaondoka chuoni, maana utaratibu wao haukuruhusu kushindwa mara mbili.

"Ikishindikana," akaniambia akiinuka, "utanifundisha kuziba pancha."

"Mikono yako milaini, solusheni itakuchubua."

Alitabasamu kidogo, akaenda.

Wakati huohuo chuoni alikuwa mwalimu mgeni kutoka Dar es Salaam, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, anayefanya utafiti juu ya namna madaktari wanavyofundishwa na kupimwa. Alituita sisi wagonjwa wa kuigiza, akaagiza chai na karanga za kukaanga, akatuuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa na mtu: "Kati ya wale wanafunzi, nani mngemwachia mama yenu mzazi?"

Bibi hakungoja. "Yule aliyepiga magoti."

"Alikuuliza kama unameza dawa?"

"Hakuniuliza."

"Kwa hiyo angekutibu presha bila kujua kwamba dawa umeziacha."

"Ndiyo. Lakini subiri, mwanangu. Wale wengine waliniuliza. 'Bibi, dawa unameza?' Hivyo, kama askari anadai leseni. Niliwajibu kwa sababu mliniagiza nijibu. Ingekuwa ni mimi wa kweli, ningesema nameza kila siku, nikaenda zangu."

Yule mama aliweka kikombe chini polepole. Niliona amefurahi, furaha ya mtu aliyeona njiani kitu alichokuwa akikitafuta mfukoni.

Mimi nikadandia hapohapo. Nilisema, basi neno la mgonjwa litoshe, binti ahesabiwe amefaulu. Nilisema kwa ukali kidogo. Wote walijua kwamba ni mdogo wangu.

"Fundi," akasema mama yule, "mteja akiipenda breki uliyomfungia kwa sababu inang'aa, utamwachia aende nayo mpaka Ulyankulu?"

"Siwezi. Mpaka niijaribu."

"Bibi alimpenda. Lakini alirudi nyumbani na siri yake."

Karanga ziliniganda mdomoni.

Lakini hamu yangu ya kujua haikufa, na yeye aliiona. Tulipobaki wachache akanieleza kwa Kiswahili chepesi. Zamani, alisema, daktari alihesabiwa miaka: ukikaa darasani muda fulani, umeiva. Kisha ikaja mitihani kama hii ya vyumba na kengele, ili waone mtu anaweza kufanya nini badala ya anajua nini. Sasa watafiti wa nchi nyingi wanauliza zaidi. Wanataka mwanafunzi atazamwe mara nyingi, na macho ya watu wengi, akiwa kazini, na kila anayemtazama ajiulize jambo moja: huyu nimwachie kiasi gani? Atazame tu? Afanye nikiwa ubavuni? Afanye nikiwa nje ya mlango? Au afanye peke yake?

"Na inafanya kazi?"

Alicheka. "Bado tunabishana. Mwalimu mmoja anamwachia mwanafunzi mapema, mwingine hamwachii mtu mpaka uzeeni. Kuna wanaopendelea anayefanana nao. Kuna wanaoona haya kuandika ukweli. Na sauti ya mgonjwa kama bibi, tuiweke wapi? Hatujapatana."

Nilipenda alivyolisema bila aibu. Nilikuwa nadhani watu wa vitabu wameshamaliza kila kitu.

Nikamwambia kwamba sisi watu wa Tabora habari hiyo tumeisikia kwa babu zetu waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Kijana hakuulizwa kama anaijua njia. Alianza na mzigo mdogo nyuma ya mjomba wake, na siku mzigo mzima ulipofika pwani begani mwake ndipo akaanza kuitwa mwanamume. "Na waliofia njiani?" akauliza yule mama. Sikuwa nimewahi kuwafikiria hao. "Ndiyo maana tunafanya utafiti," akasema, na hakucheka.

Jioni ile nilikumbuka siku ya kwanza kumwachia mdogo wangu moto. Alikuwa mdogo, sufuria ya ugali imekaa kwenye mafiga, nami nina kazi sokoni. Nilimwambia nimeondoka. Sikuondoka. Nilisimama nyuma ya ua wa matete nikisikiliza mwiko. Nilipousikia unagonga sufuria kwa mwendo wa mtu anayejua, ndipo nikaenda. Hajui mpaka leo.

Bibi hakuridhika na maneno ya utafiti. Jumapili, baada ya misa, alikuja nyumbani kwetu bila kualikwa, akiwa na kuku. Mdogo wangu alikuwa na mapumziko. Alipomwona akapiga magoti pale mlangoni, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka. Mimi ni nani kwako?"

"Ni mama mkubwa."

"Sina nguvu za kuwa mama yako, kazi hiyo inachosha. Mimi ni bibi yako. Ninyi nyumba hii hamkuwahi kuwa na bibi?"

Tukatazamana. Wazazi wa wazazi wetu walikufa kabla hatujapata akili. Hatukuwahi kuwa na bibi.

"Nilijua," akasema bibi. "Mmelelewa kwa shikamoo tupu. Mtoto anamwogopa mama, sawa. Lakini kwa bibi ndiko anakojifunza kusema. Mjukuu ananiambia mimi mchawi, mimi namwambia ana miguu ya korongo, na katika kicheko hicho ananiuliza lolote na ninamjibu. Haya, niulize kama nimekula."

"Umekula, bibi?"

"Nimekula. Jibu hilo ni la uongo. Umeuliza kama mkaguzi. Tena."

"Bibi... je, utakula nini?"

"Tena!"

Mdogo wangu aliinua macho. Nilimwona akimtazama mtu mzima usoni, kama mtu anayechungulia kisima. "Bibi, kwa meno hayo matatu, huyo kuku umemleta umle au akule?"

Nilitaka kumkemea, mkono ulishaanza kuinuka. Bibi alitoa sauti kama mlango wa zamani, kisha nikagundua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akasema, "Sijala tangu jana, mke mwenzangu. Tumbo halitaki. Umeona? Umenipata."

Mdogo wangu alimweleza mwalimu wake kwamba anafanya mazoezi na bibi. Mwalimu akasema hakuna ubaya, ila wodini hatamkuta bibi huyo, atakutana na wagonjwa wa kweli.

Mvua zilinyesha. Kila alipopita kibandani nilimuuliza jambo moja tu: "Leo mwalimu alisimama wapi?"

"Ubavuni."

Wiki nyingine: "Dirishani. Ila alikohoa mara moja, nikajua nimesahau kitu."

Kisha: "Mlangoni. Kaka, akiwa mlangoni nasikia baridi."

"Na ukisikia baridi unafanya nini?"

"Namtazama mgonjwa, siyo mlango."

Mvua zilikuwa zinakatika alipokuja mzee mmoja mlina asali kutoka misitu ya kusini. Huniletea baiskeli kila akija mjini. Safari hii cheni ilikuwa imekatika, naye alikuwa anaisukuma huku akichechemea. Alipovua kiatu nikaona kidonda chini ya kidole, na yeye hakujua kama kipo. Nilibonyeza pembeni yake. Hakushtuka.

"Mzee, huumwi?"

"Mguu huu umekuwa mtulivu siku hizi."

Utulivu ule haukunipendeza. Nilimpeleka hospitali, nikisukuma baiskeli yake ambayo dumu la asali lilikuwa bado limefungwa nyuma. Tulipofikiwa na zamu, aliyekuwa mezani ni mdogo wangu. Mwalimu wake, yuleyule wa rimu, alisimama ukutani nyuma yake. Nilitaka kurudi nje, lakini mzee alinishika mkono, akasema nikae.

Mdogo wangu alipiga goti, kidogo tu, kisha akavuta kiti mbele ya mzee na kumtazama usoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu."

"Mume wangu, umekuja mjini na asali yote ile nje na mimi hujanipa hata ya kulamba?"

Mzee alifurahi. Akasema wanawake wa mjini wana macho ya nyuki. Wakaongea hivyo, na katikati ya utani maswali yalikuwa yanapita kama uzi kwenye nguo. Akaeleza kwamba ana kisukari, kwamba alipewa vidonge, kwamba anavimeza kila siku. Nilimwamini. Hatumii sukari? Hatumii, hata kwenye chai, aliacha kabisa kama alivyoambiwa.

Ningekuwa mimi, ningeishia hapo. Kwenye karatasi ya vema pia ingekuwa imeisha.

"Babu," akasema mdogo wangu, "vidonge vile nimewahi kuvilamba. Vichungu kama shubiri. Wewe unavimezaje, mume wangu mpenda raha?"

"Kwani mimi mjinga? Nachukua kijiko cha asali, naweka kidonge katikati, kinateleza."

"Kijiko kimoja?"

"Kimoja kabla, kimoja baada. Asubuhi na jioni. Asali ni dawa, mke wangu, si sukari. Sukari ni ya kiwandani."

Sikucheka. Hata mimi, mzaliwa wa Tabora, nilikuwa naamini hivyohivyo. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amesogea kutoka ukutani. Nilidhani anakwenda mezani. Alikwenda mlangoni, akatoka, na nikasikia viatu vyake vikiondoka kwenye korido mpaka visisikike.

Mdogo wangu hakugeuka. Alikuwa anamwambia mzee, "Sasa nikikunyima asali utanipa talaka?"

"Nitafikiria."

"Fikiria nikiutazama mguu."

Aliutazama mguu kwa muda mrefu, akaugusa hapa na pale kwa ncha ya pamba huku mzee amefumba macho, akisema anahisi au hahisi. Mara nyingi hakuhisi. Hapo mdogo wangu aliinuka, akamwomba mzee radhi, akaenda mwenyewe kumtafuta mwalimu. Nilidhani ameshindwa, ameachiwa na amekimbia.

Mwalimu alirudi na kikombe cha chai mkononi. Akainama, akatazama.

"Nisingekuwepo ungefanya nini?"

Alimweleza: kidonda kisafishwe leo, mzee asirudi porini, alazwe, mguu usikanyage. Alieleza bila kutetemeka.

"Basi fanya," akasema mwalimu, akaondoka tena na chai yake.

Nilibaki pale nimekaa, nimekodoa macho, mpaka mzee akanigeukia. "Na wewe fundi, unangoja nini? Mimi na mke wangu tuna mambo yetu."

Nikatoka. Uani nilimkuta mwalimu amesimama karibu na baiskeli, anafukuza nyuki waliokwisha kulinusa dumu. Nilimuuliza kwa nini hakukasirika kuitwa.

"Anayejua wakati wa kuniita ndiye ninayeweza kumwacha peke yake," akasema. "Wenzangu wameshasema wameridhika, nilikuwa nimebaki mimi. Kuanzia Jumatatu simfuati tena."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akaniuliza kama rimu yake nyingine nimeimaliza.

Nilichuchumaa nikaunga cheni ya mzee. Pini ilinidondoka mchangani, nikaitafuta kwa kupapasa. Nilikuwa bado hapo mdogo wangu alipotoka kuchukua machela. Alisimama juu yangu na koti lake jeupe.

"Umeunga?"

"Nimeunga."

"Umeijaribu?"

"Bado."

"Ijaribu, kaka. Babu ataipanda siku akitoka."

Nikafungua kamba, nikateremsha dumu, nikaipanda. Nilizunguka uani mwa hospitali, nikabana breki, nikazunguka tena, na nilipotazama mlangoni alikuwa ameshaingia ndani.